Bisi Iliyongoja Salamu Maria Ishirini

Wiki iliyopita pikipiki iliyonibeba ilizimika kwenye mlima wa Munigi, pale wanapouza kabichi na viazi kando ya barabara. Motari wangu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alishuka, akaipiga teke mara tatu, mara nne, haikuwaka. Jua lilikuwa kali. Kutoka kwenye motere ikapanda ile harufu ya petroli, esansi iliyopata moto, pamoja na vumbi la mawe yetu meusi. Motari akageuka aniombe msamaha, akakuta midomo yangu inatembea yenyewe.

"Mama, uko naomba?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nahesabu. Akanitazama vizuri, akaamua kuniacha na mambo yangu. Nilipofika ishirini nikamwambia, "Jaribu sasa. Lakini usicheze na gazi." Ikawaka kwa teke la kwanza. Yule bwana akavua kofia yake katikati ya barabara. "Eh! Mama, weye ni mutumishi wa Mungu kabisa!" Nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka yakakataa kuacha.

Mimi si mtumishi wa yeyote, niseme ukweli. Kanisani naenda Krismasi na siku za mazishi. Lakini gari lolote likizimika likiwa na moto wa safari, likakataa kuwaka tena, mimi narudi kuwa na miaka minane, na ulimi unaanza Salamu Maria ya kwanza bila kuniomba ruhusa. Mume wangu ananicheka. Watoto wangu wananicheka. Sijawahi kuwaeleza kwa nini, na nadhani sababu ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa yote mpaka siku ile ya Munigi.

Papa wangu alikuwa dereva wa bisi ndogo ya abiria, Goma kwenda Rutshuru na kurudi. Alikuwa Munande wa Butembo, mfupi, wa maneno machache, na mikono yake ilinuka esansi hata siku ya Komunyo yangu ya kwanza. Kwetu Wanande jina linafuata nafasi uliyozaliwa, na mimi nilizaliwa nafasi ya mama yake mzazi, kwa hiyo jina letu lilikuwa moja. Basi Papa hakuwahi kuniita mtoto. Aliniita Koko, yaani bibi, na mbele ya watu alinisalimia kwa heshima ya bibi, akaniuliza nimelalaje, akaniuliza kama nimekubali aende kazini. Mtoto gani asingejiona mkubwa? Mimi nilijiona mkubwa kupita kiasi, na hilo ndilo lililoniponza.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka zile bisi. Motere yake haiko mbele, iko chini ya viti vya mbele, na abiria wa mbele anakalia motere yenyewe. Asubuhi, baridi ya Goma ikiuma, kile ni kiti cha wakubwa. Mchana unaiva makalio. Ukitaka kuitazama motere unainua kiti kizima, unafungua kifuniko, na joto linakupiga usoni.

Bisi yetu ilikuwa na ugonjwa wake. Asubuhi iliwaka kabla Papa hajamaliza kugeuza ufunguo. Lakini ikishatembea, ikapata moto, halafu ukaizima, shughuli! Ilizunguka, ikazunguka, ikalia kwa uchungu, na motere haikushika. Na barabara ya Rutshuru si barabara ya kumwambia mtu usizime. Kulikuwa na barieri, na kwenye barieri mwenye bunduki akisema zima, unazima. Wanaangalia karatasi, wanaangalia mizigo, wanakwambia nenda, na wewe huendi. Abiria wanaanza kutazama porini. Siku nyingine mizinga ilisikika kule juu, nzito, na kila mtu mle ndani alijua mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama. Hapo ndipo bisi yetu ilipopenda kukataa.

Papa aliipeleka kwa mafundi watatu. Mmoja akabadilisha buji za cheche, mwingine batri, wa tatu akafungua demarere, ile inayoizungusha motere, na kuisafisha. Tatizo ni kwamba Papa aliipeleka asubuhi, kwa kuwa mchana ilikuwa kazini, na asubuhi iliwaka mara moja na kumtia aibu.

"Papa, gari yako iko muzima," wa tatu akamwambia. "Pengine wewe njo uko mugonjwa."

Papa hakurudi tena kwa fundi. Alikuwa mtu wa kuumia haraka na kunyamaza muda mrefu.

Dawa aliileta Mama. Siku moja tulikuwa naye ndani ya bisi, tunarudi kutoka kumwona dada yake, na bisi ikakataa barieri ya pili. Jua la saa nane, watu wamebanana, mtoto wa mtu analia. Mama akatoa rozari kwenye kitenge akanipa. "Omba weye. Mungu anasikiaka batoto." Nikaanza Salamu Maria kwa sauti. Papa, ili abiria waone kwamba kuna kinachofanyika, akatuinua sisi wa mbele, akainua kiti, akafungua kifuniko, akasimama mikono kiunoni akiitazama motere. Hakugusa kitu. Nikamaliza kumi ya kwanza, nikamaliza ya pili. Papa akafunga, akakaa, akageuza ufunguo, na motere ikashika hapo hapo!

Watu walipiga makofi. Mama mmoja muuza ndizi akanipa ndizi mbili, akanishika kichwa akasema mtoto huyu ana kitu. Kuanzia siku ile ugonjwa ulikuwa na dawa: Salamu Maria ishirini. Na hilo ndilo lilikuwa kosa letu, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelikosea namna hiyo. Kwa kuwa dawa ilifanya kazi kila siku, hakuna aliyeutafuta ugonjwa tena. Nikiwa shuleni Papa aliwaombesha abiria. Waprotestanti waliomba ya kwao, ndefu kuliko yangu, na bisi ikakubali pia. Nikaona kumbe Mungu hana upendeleo.

Sasa nifike kwenye ile siku, kwa maana nikizidi kuzunguka nitaacha kuandika.

Mama alikuwa na mimba kubwa. Tuliishi Keshero, kwenye nyumba ya mbao juu ya mawe, mwendo mfupi kutoka ziwani. Ilikuwa mchana. Papa alikuwa ndio kwanza ameingia kutoka Rutshuru, motere inalia tik, tik, inavyofanya ikiwa bado na moto, na hata hajanawa mikono. Uchungu ukamshika Mama ghafla, na jirani yetu Mama Furaha akaangalia tu mara moja akasema, hopitali, sasa hivi. Wakamlaza Mama kwenye kile kiti cha mbele, pale pana nafasi ya kunyoosha miguu na Papa angeweza kumshika mkono. Papa akageuza ufunguo. Ikakataa.

"Koko, omba!" akanipigia kelele dirishani. "Omba!"

Nikaanza. Papa hakuinua kiti, angekiinuaje, na Mama yuko juu yake? Alikuwa anageuza ufunguo na mguu wake unapiga pedale ya gazi, ile ya mwendo, unapiga, unapiga, kwa kasi ya mtu anayezima moto wa nyasi. Harufu ya esansi ikajaa uani kote. Nikafika Salamu Maria ya tano, ya sita. Mama akatoa sauti ambayo sikujua kwamba mtu anayo, na ndani ya sauti ile akaliita jina langu. Nilikuwa kwenye ya saba. Nikakimbia. Nikaingia jikoni kwa Mama Furaha, nikajificha nyuma ya pipa la maji, vidole masikioni, na ya nane sikuisema.

Lori la makaa lililokuwa linapita ndilo lililowachukua mwishowe. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia hata mara moja. Mama alirudi baada ya siku nyingi na kovu tumboni, na neno la daktari ambalo Papa alimrudia kila jirani: akibeba mimba nyingine, uchungu ukianza tu, afike mezani kwa kupasuliwa. Wakichelewa tena atakwenda na mtoto.

Hakuna aliyeniambia kwamba ni kosa langu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nilipanga mwenyewe, kichwani, na hesabu yangu ilikuwa safi: ishirini huamsha bisi, mimi nilitoa saba. Niliimeza ile saba nikakaa nayo. Nikikuta saba kwenye daftari la hesabu niliiruka. Mwalimu aliniuliza ju ya nini naruka namba, nikasema kichwa kinauma.

Na Mama akabeba mimba nyingine.

Niliogopa, jamani. Niliogopa nikila, niliogopa nikioga. Kila asubuhi nilimuuliza Mama tumbo liko namna gani, mpaka akawa ananitania, "Kwani weye njo utazaa?" Gari lolote likipita nyumbani nilisema ishirini haraka-haraka, kama akiba. Likizo ilipofika nikamwomba Papa nisafiri naye kila siku, na akakubali, kwa sababu abiria walinipenda. Walinijua. "Leo tuko na mutoto wa Salamu Maria!" walisema wakipanda, na wakakaa vizuri. Papa aliona fahari. Mimi nilikaa juu ya motere, rozari mkononi, natoka jasho, nikifikiri kwamba kama nitaomba vizuri siku zote hizi, bila kukosa hata moja, pengine siku ya Mama bisi itanisamehe.

Siku moja tulimbeba mzee aliyekuwa anatoka mazishini kwao Rutshuru, suti ya kijivu, Biblia kwapani. Alikaa mbele, kando yangu. Papa alimfahamu kwa sura: Muzee Bahati, fundi wa magari, aliyetengenezea uwanjani hapo hapo Keshero, na siku za ibada alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti. Kwenye barieri bisi ikakataa. Watu wote wakanigeukia. Papa akatuinua, akainua kiti, nami nikaomba. Nilimwona yule mzee hanitazami mimi. Anamtazama Papa. Bisi ilipowaka, watu wakapiga makofi, yeye hakupiga.

"Papa," akasema tulipokwisha kuondoka, "wakati mutoto iko naomba, weye uko nafanya nini?"

"Hapana kitu, Muzee. Niko nafungua, niko naangalia tu."

"Hauguse?"

"Siguse."

Muzee Bahati akakitazama kile kiti tena. "Kesho uilete kwangu," akasema. "Lakini usiilete asubuhi. Ilete mchana, ikiwa na moto yote, na usizime mpaka nikuambie."

Kesho yake tulikwenda. Papa alipandisha mpaka Munigi na kurudi, kisha akaingiza bisi kwenye uwanja wa Muzee Bahati, mawe matupu na sanduku moja la vyuma. Mzee alikuwa amevaa ovaroli, nikaona aibu kwamba jana nilimdhania mchungaji. Akasema zima. Halafu akaniinamia mimi.

"Weye mutoto, leo nyamaza. Hata ndani ya roho, usiombe."

"Haitawaka!" nikasema. Sauti ilitoka juu sana. "Muzee, haitawaka!"

"Tutaona."

Akangoja kidogo, kiti kimefungwa. Akamwambia Papa aiwashe. Ikazunguka, ikalia, ikakataa. Nikamwangalia Papa: si niliwaambia? Muzee Bahati akacheka peke yake, wala hakuonekana na wasiwasi. Akainua kiti, akafungua kifuniko, akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji akakilaza juu ya bomba dogo la esansi. Ikafanya sss, mvuke ukapanda. Akatazama saa yake ya mkononi, halafu akaanza kumuuliza Papa habari za maharage ya Butembo, kama mavuno yalikuwa mazuri. Maharage! Mimi nilikuwa nimeuma ulimi kwa nguvu ili usianze kuomba, mpaka nikasikia chumvi mdomoni.

"Haya. Usiguse pedale, usicheze na gazi. Washa."

Bisi ikawaka. Bila Salamu Maria hata moja.

Muzee akanigeukia, safari hii kwa upole. "Hizo ishirini zako, zinachukuaka dakika ngapi? Sisi hatuombake hizo."

Sikujua. Akaniambia nizisome, naye akashika saa. Nilisoma ishirini nzima mbele ya yule Mprotestanti na ovaroli yake yenye oili, na alingoja kwa adabu mpaka mwisho. "Dakika sita," akasema. "Njo hizo. Mutoto wangu, maombi yako ilikuwa saa. Gari ilikuwa inapoa."

Kisha akamweleza Papa, akimwonyesha kwa kidole cheusi. Kuna kipande kinene kinachotakiwa kukaa chini ya karbiratere, pale esansi inapochanganyika na hewa, kizuie joto la motere lisipande. Fundi fulani zamani alikitoa, akakata cha katoni badala yake. Bisi ikiwa inatembea, upepo unasaidia. Ikizimwa, joto lote linapanda, na esansi inachemka mle ndani, inafurika, inamwagikia pale motere inapovutia pumzi. Motere inakuwa imekunywa kupita kiasi. Ukiinua kiti, hewa inaingia, inapoa, ile esansi ya ziada inapotea, inawaka.

"Na mutu akiogopa," akasema Muzee Bahati, akitafuta kitambaa cha kufutia mikono, "akaacha kiti imefungwa, akaanza kupiga-piga pedale, anaongeza esansi juu ya esansi. Anaizamisha. Haiwaki tena mpaka kesho. Angeacha tu. Angekaa bila kugusa kitu, dakika kumi, ingewaka."

Papa akasema, "Bila kugusa kitu?"

"Bila kugusa kitu."

"Hata siku..." Papa akasema, akaacha hapo. Akakaa juu ya jiwe. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Nilidhani amenikasirikia. Nilidhani ananionea aibu, kwa vile aliwaringishia abiria mtoto wa maombi na kumbe mtoto alikuwa saa tu. Lakini nawaambia ukweli wangu wote: sikujali. Nilikuwa napiga hesabu mpya. Kama bisi haisikii Salamu Maria, basi saba na ishirini ni mamoja. Basi hata ningefika ishirini nyuma ya lile pipa, isingewaka. Basi mimi sikumuua! Furaha ilinipanda kutoka miguuni. Sikuweza kusimama mahali pamoja. Nikaanza kuruka kutoka jiwe hadi jiwe uwanjani kwa Muzee Bahati, naimba, nikimzunguka Papa aliyekaa pale ameinamisha kichwa. Muzee akasema, "Huyu mutoto ana nini leo?"

Kipande chenyewe hakikupatikana Goma. Ilibidi kitoke Kampala, na mfanyabiashara aliyeahidi kukileta akakaa wiki, akakaa nyingine. Muzee Bahati akasema hakuna shida, tufuate dawa yake: inua kiti, kitambaa chenye maji, miguu mbali na pedale, ngoja. Papa alifanya hivyo kila siku. Alikonda. Aliacha kuniita asubuhi kuniuliza kama nimekubali aende kazini, nami nikazidi kuamini kwamba ana hasira.

Siku ya Mama ikafika kabla ya kipande.

Ilikuwa mchana tena. Unaweza kuamini? Papa alikuwa ameingia sasa hivi, motere inalia tik, tik. Mama alishika ukingo wa meza, akasema polepole, "Papa, imeanza." Siku ile mizinga ilikuwa inasikika upande wa kaskazini, na barabarani hapakuwa na pikipiki wala lori la makaa. Palikuwa na sisi na bisi yetu.

Safari hii walimlaza nyuma. Papa akainua kiti cha mbele. Mimi nilikwisha kukimbia na ndoo, nikachovya kitambaa, nikakilaza, sss. Papa akakaa kwenye usukani. Akavuta miguu, akaikunja chini ya kiti. Halafu akaweka mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Koko," akasema bila kunitazama. "Hesabu."

"Niombe?"

"Hesabu. Kama ya saa ya Muzee. Ishirini yote."

Saa nyingine sikuwa nayo. Nikaanza Salamu Maria ya kwanza, kwa mwendo ule ule. Mama alivumilia tatu za kwanza. Halafu akaanza kupiga kelele, "Washa! Papa, washa!" Papa hakusogea. Mama Furaha akampanda mabega kwa nyuma, akamvuta shati mpaka kifungo kikaruka. "Weye ni mutu wa namna gani? Muke wako anakufa! Washa gari!" Papa alikuwa analia. Machozi yalishuka mpaka shingoni na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa chini yake, ameikalia kwa nguvu zake zote. Nikafika sita. Nikafika saba, na kule nyuma Mama akatoa ile sauti, ile ile, na jina langu ndani yake.

Miguu yangu ililijua jiko la Mama Furaha. Niliihisi inageuka. Nikashika mlango wa bisi, chuma kilikuwa cha moto, nikasema ya nane.

Tisa. Kumi. Mama Furaha alikuwa ananilaani na mimi sasa, mwanga mdogo, mtoto wa mwanga mkubwa. Kumi na tano. Mama alinyamaza, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele. Sijui nilizimalizaje tano zile. Nikamwambia, "Ishirini, Papa." Akatoa mikono, ilikuwa myeupe kwa kukosa damu, akageuza ufunguo mara moja tu. Ikashika.

Mtoto wa siku ile, mdogo wangu wa kike, anaishi Butembo sasa. Anauza vitenge, ana sauti kubwa, anabishana na kila mtu pamoja na daktari. Mama yupo, makovu mawili, anasema mtoto yule alimpasua mara moja akaendelea kumpasua maisha yote. Kipande cha Kampala kilikuja wiki moja baada ya kuzaliwa kwake, Muzee Bahati akakifunga bila hata kukaa chini, na bisi haikukataa tena.

Lakini Papa alibaki na kitu. Gari lolote aliloendesha baadaye, hata jipya, hata lenye afya, akiliwasha likiwa na moto alikaa kwanza kidogo, mikono chini ya mapaja, akitazama mbele. Tulimcheka. Abiria walimfokea, "Papa, twende basi!" Mimi nilimcheka kuliko wote, kwa sababu nilidhani ni mazoea ya uzee, na niliwaigizia watoto wangu mezani, mikono chini ya mapaja, nao wakagaagaa kwa kicheko. Naye alicheka kidogo.

Tulimzika mwaka huu, kabla ya mvua.

Na wiki iliyopita, pale Munigi, nilimwambia mtu asicheze na gazi, nikasikia ni maneno ya Muzee Bahati yanatoka mdomoni mwangu, na nikamwona Papa juu ya lile jiwe. "Hata siku..." alisema, akaacha. Siku ipi? Mimi, mama wa watoto wanne, ndiyo kwanza najiuliza siku ipi. Ni siku ya pedale. Sentensi ile ile iliyonivua mimi mzigo, ndiyo hiyo iliyomtwika yeye, saa ile ile, hatua tatu kutoka kwangu. Angekaa bila kugusa kitu. Na mimi sikuwahi kumwambia habari ya saba, na yeye hakuwahi kuniambia habari ya mguu wake. Tulikaa nyumba moja miaka yote ile.

Motari aliniteremsha Keshero akakataa niende bila kumbariki. Nikamwekea mkono begani, nikamwambia aende salama. Alipoondoka nikakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba yangu, kwa maana huku mawe hayakosekani. Nilitaka kukumbuka kama Papa, siku ile uwanjani, aliinua kichwa hata mara moja kunitazama. Aliinua. Sasa nakumbuka. Aliinua kichwa akaniona naruka juu ya mawe na kuimba, muda mfupi tu baada ya kusikia kwamba ni yeye aliyeizamisha bisi, na akanitolea tabasamu.

Nami nikaendelea kuruka.